DAC tatu za bei kali na waya wa dola 9: kikao cha kusikiliza Milimani, Kisumu

Tuanze na matokeo, maana wengi wanaosoma tathmini za aina hii wana pesa mfukoni na wanataka kujua waziweke wapi. Sauti za DAC hizi, yaani vifaa vya kugeuza namba za muziki kuwa umeme wa sauti, zikisawazishwa hadi tofauti isizidi desibeli 0.1, na msikilizaji asijue kipi kinacheza, kinachobaki kusikika kwa uhakika ni kitufe kimoja tu kwenye Denafrips Ares II. RME ADI-2 DAC FS na Chord Qutest hazikutenganishika. Na ule waya mfupi wa Apple wa kuchomeka hedifoni kwenye simu, unaouzwa dola 9 Marekani, uliwanyamazisha watu waliokuja kuucheka.

DAC ndiyo inayopokea namba za muziki, 44,100 kila sekunde kwa kila upande ikiwa ni kipimo cha CD, na kuzigeuza ziwe volti za kuingia kwenye amplifaya. Simu ina moja ndani, televisheni pia. Hizi za mezani zinajitenga ili kazi hiyo ifanywe bila kelele za vifaa vingine. Mezani zilikuwa tatu, na kila moja inatumia njia yake. RME, ya Ujerumani, inatumia chipu ya kununuliwa kama DAC nyingi. Chord Electronics, ya Uingereza, imeandika hesabu zake yenyewe ndani ya chipu inayopangwa upya, yenye kichujio (hesabu ya kulainisha mawimbi kati ya namba moja na nyingine) cha hatua 49,152. Qutest ilipotoka mwaka 2018 iliuzwa pauni 1,195. Denafrips, ya China, inatumia ngazi ya rezista: safu ya vipande vya thamani mbili tu, kimoja maradufu ya kingine, kila biti ikifungua au kufunga swichi yake.

Kazi halisi ya kikao ilikuwa kusawazisha, na hapo ndipo vikao vingi vinapoharibikia. Vifaa havitoi volti sawa. Qutest peke yake ina viwango vitatu, 1 V, 2 V na 3 V, na kiwango huchaguliwa kwa kubonyeza vitufe vyake viwili kwa pamoja wakati wa kuiwasha. Mtu akiiacha kwenye 3 V na kuilinganisha na kifaa cha 2 V, ameipa Qutest desibeli 3.5 za bure. Debe tupu haliachi kuvuma, na masikio ya binadamu hulipenda debe hilo. Tofauti ikiwa ndogo zaidi, tuseme nusu desibeli, mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu msikilizaji hasemi “hii ina sauti kubwa”. Anasema ina uwazi, ina pumzi, ina jukwaa pana. Sifa zote hizo zinaweza kutoka kwenye asilimia 6 ya volti.

Kipimo kinafanywa hivi. Zima amplifaya ya spika au uteremshe sauti hadi sifuri. Cheza toni safi ya kiwango cha juu kabisa cha dijitali, kisha pima volti za AC kwenye plagi ya RCA, ile ya duara ya vifaa vya muziki, moja kwa moja kati ya pini ya katikati na ganda. Toni iwe ya 120 Hz. Multimita nyingi za bei nafuu, zile ambazo kila fundi wa stima anazo, zimetengenezwa kusoma masafa ya stima na zinaanza kudanganya zikipewa 1,000 Hz. Wala usitumie 100 Hz, kwa sababu mvumo wa stima yetu ya 50 Hz huleta ndugu yake wa 100 Hz na kujichanganya na kipimo. Desibeli 0.1 kwenye volti moja ni takriban milivolti 12, kwa hiyo mita isome angalau tarakimu tatu baada ya nukta. Pima kulia na kushoto.

Kiwango cha pamoja kiliwekwa 1 V, kwa sababu waya wa Apple hauwezi kuzidi hapo. Na huo ni ule unaouzwa Marekani; wa Ulaya hutoa nusu yake, na kwa macho huwezi kuutofautisha, soma namba ndogo ya modeli kwenye waya wenyewe. Qutest iliwekwa 1 V. Ares II haina kidhibiti cha sauti, inatoa kiwango kimoja tu, kwa hiyo ilipunguzwa kwa programu. Wapo wanaoogopa kupunguza sauti kidijitali kana kwamba muziki unanyolewa. Faili ya biti 16 ikipelekwa kwenye kifaa kama biti 24, kuna nafasi ya biti 8 chini yake, na kupunguza desibeli 6 kunakula biti moja tu. RME ina kidhibiti kizuri, lakini hatua zake ni za nusu desibeli, pana mno kwa kazi hii, kwa hiyo nayo ilimalizikia kwenye programu.

Programu yenyewe ni CamillaDSP, ya bure, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Inakubali kupunguza sauti kwa sehemu za desibeli na kuchelewesha kwa milisekunde. Kuchelewesha kuna kazi yake. Kila DAC ya USB hufuata saa yake ya ndani, na saa mbili zikipishana kwa sehemu 20 tu kwa milioni, baada ya dakika 10 muziki umepishana milisekunde 12. Vichujio navyo vina ucheleweshaji wake, kirefu huchelewa zaidi ya kifupi. Msikilizaji mwerevu husikia wimbo ukiruka nyuma au mbele swichi inapogeuzwa, akajifunza mruko huo badala ya kujifunza sauti, kisha akapata alama zote. Dawa ni vipande vifupi vya sekunde 30 vinavyoanza upya kila mara, pamoja na nusu sekunde ya kimya kila swichi inapogeuzwa. Faida nyingine ya Pi ni kwamba haina feni. Laptopu yenye feni ndani ya chumba cha kusikilizia ni sawa na kumwalika mtu anayekoroma.

Zamu ya mtu mmoja ni majaribio 16. Kila jaribio lina vipande vitatu: A, B, halafu X, ambacho ni mojawapo ya hivyo viwili, na msikilizaji aseme ni kipi. Mpangilio wa X uliamuliwa kwa kurusha shilingi na kuandikwa kabla mtu yeyote hajaketi, na aliyeshika swichi alikaa nyuma ya pazia bila kusema neno. Mtu anayebahatisha tu anaweza kupata 12 au zaidi kati ya 16 karibu mara 4 katika kila zamu 100, kwa hiyo 12 ndiyo alama ya kuanza kumsikiliza mtu. Hesabu muda pia. Sekunde 90 mara 16 ni dakika 24 kwa mtu mmoja na kwa jozi moja ya vifaa. Watu sita ni saa mbili na nusu hivi. Na kiti chenye maana ni kimoja, kile cha katikati. Walioketi pembeni wanasikia besi nyingine kabisa, maoni yao yawekwe kando na sukari ya chai.

Kikao kilianza saa tatu asubuhi kwa sababu ya mabati. Mvua ya Kisumu hupenda alasiri, na ikigonga mabati hakuna DAC ya bei yoyote itakayosikika. Feni ya dari ilizimwa, madirisha yakafungwa, na kuanzia saa tano joto likaanza kuhukumu vifaa pamoja na watu. Hilo ni jambo la kupangia mapema: zamu fupi, maji, na mapumziko kila baada ya watu wawili. Sauti kwenye kiti ilikuwa kati ya desibeli 75 na 80. Zaidi ya hapo masikio yanachoka kabla ya jaribio la kumi.

Sasa kitufe cha Ares II. Kifaa hiki kina namna mbili za kufanya kazi, OS (oversampling) na NOS (non-oversampling), na kitufe ndicho kinachochagua. Kwenye OS kinaongeza sampuli za kukokotoa katikati ya zile za CD, kama DAC nyingi zinavyofanya. Kwenye NOS hakiongezi kitu: kinashika kila thamani hadi inayofuata ifike, mawimbi yakatoka kama ngazi. Wapenzi wa NOS husema ina uasilia na utamu wa analogi, na kwenye kikao watu kadhaa waliitambua NOS mara nyingi mno kuwa bahati, na baadhi yao waliipenda. Sababu ni hesabu ya shule. Kushika thamani namna hiyo hupunguza sauti za juu: kwa faili ya 44,100 Hz, masafa ya 10,000 Hz yanashuka desibeli 0.75, na ya 20,000 Hz yanashuka desibeli 3.2. Huo ni mkono unaoteremsha trebo kidogo. Ukiiga mteremko huo kwa ikwalaiza ya kifaa kingine, sehemu kubwa ya huo “uasilia” unaufuata. Si ubaya. Kwenye chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu, kupoza trebo ni huruma. Lakini mnunuzi ajue analipia nini. Tena, bila kichujio, vivuli vya muziki, yaani nakala zake zisizotakiwa, vilivyo juu ya 22,050 Hz vinapita hadi kwenye amplifaya. Hasikii mtu, ila amplifaya isiyotulia inaweza kuvikunja vikarudi chini kama ukungu.

Aliyenunua Ares II na kupenda NOS lakini hataki kupoteza trebo ana njia. Faili igeuzwe kuwa 96,000 Hz ndani ya Pi kabla ya kufika kwenye DAC. Upungufu wa 20,000 Hz unabaki desibeli 0.6 tu. Kwa kufanya hivyo, bila shaka, amerudisha OS kupitia mlango wa nyuma.

Kuhusu ngazi ya rezista yenyewe, kuna jambo ambalo maduka hayalitaji. Hatua ndogo kabisa ya biti 16 ni sehemu 1 kati ya 65,536. Rezista yenye usahihi wa asilimia 0.01 inaweza kukosea sehemu 1 kati ya 10,000. Kwa hiyo kosa la rezista za juu ya ngazi linaweza kuzidi hatua za chini kabisa, na joto hubadilisha thamani zake. Ndiyo maana vifaa hivi huwashwa mapema vipate kutulia. Nusu saa ilitosha. Kwenye muziki wa kawaida hakuna aliyelisikia kosa hilo. Kwenye OS, Ares II haikutofautishika na wenzake.

Qutest haina mengi ya kuhukumiwa. Ni ndogo, imeundwa vizuri, taa zake za rangi zinawafurahisha wageni na kumchanganya mwenye nyumba, kwa sababu kila rangi ina maana na kitabu hakikai karibu. Ina vichujio vinne; tofauti zake ziko juu sana kwenye masafa na watu wazima wengi hawatazifikia. Mambo mawili ya kujua kabla ya kununua: mlango wake wa koaksi (waya wa shaba wa kidijitali) ni wa plagi ya BNC, si RCA, kwa hiyo agiza adapta mapema, na hakuna kidhibiti cha sauti, hedifoni wala rimoti. Inatumia 5 V ya USB, ikimaanisha kwamba pawabenki nzuri ya ampea 2 inaiendesha stima ikipotea. Hapa kwetu hilo si dogo.

RME ndiyo iliyoshinda, na haikushinda kwa sauti. Ilishinda kwa sababu ya chumba. Pima chumba cha mita 5 kwa 4: mawimbi yanajirudia kwa nguvu karibu na 34 Hz na 43 Hz, na kwenye kiti kibaya besi inaweza kuvimba desibeli 10 au zaidi. Weka namba hiyo kando ya ile 0.1 tuliyokuwa tukiikimbiza asubuhi nzima. RME ina ikwalaiza ya bendi tano ambayo unaiambia masafa, kiasi na upana. Ukipata uvimbe wa 43 Hz kwa maikrofoni ya kupimia, unaubonyeza chini kwa dakika moja, na gita la besi la benga linaacha kuwa tope, kila noti inapata mwanzo na mwisho. Hakuna DAC nyingine mezani iliyobadilisha sauti kiasi hicho. Ila usiitumie ikwalaiza kujaza mashimo. Kwenye masafa ambayo chumba kinajifuta chenyewe, kuongeza ni kuchosha amplifaya bure.

Uwezo huo huo ndio mtego wake kwenye kulinganisha. Ina pia kipengele kinachoongeza besi na trebo sauti ikiwa chini, na kingine kinachochanganya kulia na kushoto kwa ajili ya hedifoni. Ikitoka kwa mtu mwingine, rudisha mipangilio ya kiwandani kwanza, la sivyo unalinganisha ladha ya mtu huyo. Kwa anayenunua iliyotumika: kiwanda cha chipu cha AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua Oktoba 2020, na baada ya hapo RME ilihamia chipu ya ESS. Muuzaji atakuambia moja ni tamu kuliko nyingine. Uliza, lakini usiongeze pesa kwa sababu hiyo. Umeme wake ni 12 V DC, kwa hiyo mwenye betri ya sola ana njia, mradi volti wakati wa kuchaji zisizidi zilizoandikwa kwenye kitabu.

Waya wa Apple una shida moja inayowafanya watu waudharau kabla haujasikilizwa. Ukichomekwa kwenye simu nyingi za Android, kidhibiti chake cha ndani hubaki chini na simu haikipandishi, sauti inatoka hafifu. Programu inayozungumza na USB moja kwa moja, kama USB Audio Player PRO, inalitatua. Kwenye Pi fungua alsamixer, programu yake ya kupanga sauti, upandishe hadi juu. Baada ya hapo, kwenye spika, hakuna aliyefika alama 12 dhidi ya Qutest. Waya huu utaachwa nyuma kwenye hedifoni nzito kusukuma, na plagi yake nyembamba haitaki kuvutwa na kebo nene.

Kulikuwa na mvumo mwanzoni, na huo ndio uliochukua muda kuliko vyote. Laptopu ya kuhifadhi alama ilikuwa na chaja ya pini tatu, na ilipounganishwa na Pi kwa waya, ardhi ya chaja na ardhi ya amplifaya zikafanya duara. Njia ya kuthibitisha ni rahisi: chomoa chaja, laptopu ibaki na betri. Mvumo ukikoma, umempata mwizi. Dawa ya kudumu ni kebo ya optiko, ile inayotoa mwanga mwekundu, kwa sababu ni plastiki na haipitishi umeme. Ina uhakika hadi 96,000 Hz. Mtu asikate wala kung'oa pini ya ardhi kwenye plagi, hata fundi akisema anafanya hivyo kila siku. Pini hiyo ipo ili chuma cha kifaa kisikuue. Na kwa wanaotumia invata: zile za bei ya chini zisizotoa mawimbi laini huleta mlio kama wa nyuki kwenye transfoma ya Ares II. Tafuta ya sine safi.

Muziki wa kupimia uwe ule unaoujua. Nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ilifanya kazi kuliko vyote, kwa sababu inaleta mambo matatu kwa pamoja: nyuzi nane zenye mlio mkavu, njuga za gara mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao. NOS ilitambulika kwenye gara kabla ya mahali pengine popote. Benga ya miaka ya 1970 iliyorekodiwa kwa mono inafaa kukagua mpangilio wa spika: sauti ya mwimbaji ikae katikati kama msumari, ikisogea kosa ni la spika au chumba. Kwa kelele za chini haifai, kwani mkwaruzo wa sahani unafunika kila kitu. Kwaya ndani ya kanisa kubwa inafaa kwa mkia wa mwangwi unaofifia.

Kabla ya yote, kagua faili. Nyingi zinazosambazwa kama FLAC, faili isiyotupa chochote cha sauti, zilikuwa MP3 zikavalishwa kanzu. Programu ya bure ya Spek inakuchorea picha. Ukiona sauti zimekatwa kama kwa panga kwenye 16,000 Hz, hiyo ni MP3 ya kilobiti 128, na hakuna DAC itakayorudisha kilichotupwa.

Kwa anayeagiza kutoka nje: ushuru wa forodha hukokotolewa kwa bei ya kifaa pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya asilimia 16 inakaa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Kifaa cha Uingereza kinakuja na plagi inayoingia kwenye soketi zetu. Cha Marekani, soma nyuma kimeandikwa volti ngapi kabla ya kukichomeka, hasa kilicho na transfoma ndani kama Ares II.

Ikiwa bajeti ni moja na chumba bado kina mwangwi, anza soko la Kibuye siku ya Jumapili: zulia zito la mtumba, mapazia mawili mazito, na godoro la zamani la kusimamisha nyuma ya kiti. Piga makofi kabla na baada. Halafu nunua maikrofoni ya kupimia, na DAC yenye ikwalaiza. Radi ikianza upande wa ziwa, chomoa plagi, na uchomoe pia waya wa intaneti na wa antena. Swichi ya ukutani pekee haitoshi.